Daktari Merete na Keki za Makosa Yetu

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Daktari Merete Damgaard atafunga mlango wa ukumbi wa Nørrebæk kwa mara ya mwisho akiwa msimamizi wa mafunzo ya madaktari wa familia na wahudumu wa afya wa wilaya yetu. Ameishika kazi hiyo kwa miaka thelathini na moja, huku akitibu watu mchana kutwa kwenye kliniki yake. Anastaafu akiwa na afya njema, akili timamu na ulimi uleule. Alikuwa ametuahidi miaka miwili zaidi. Nitaeleza kwa nini hatuipati, kwa sababu yeye na mumewe, Preben, wamenitaka nieleze. Preben aliisoma rasimu ya wasifu huu akafuta sentensi mbili, akidai zinamfanya aonekane malaika.

Mimi ni Ulla Bundgaard, muuguzi wa majumbani. Kamati ya sherehe ilitaka aandike daktari. Merete akasema madaktari huandika mambo ambayo hata mfamasia hushindwa kuyasoma, basi nikapewa kazi mimi. Niliikubali haraka, halafu nikakaa nayo wiki nzima bila kuandika neno. Si rahisi kumwandikia kwaheri mtu ambaye hutaki aende.

Walioajiriwa juzi hawajui mambo yalivyokuwa kabla yake. Madaktari wa familia walikuwa na kikundi chao cha kujisomea, kama walivyo wenzao nchi nzima: watu kumi na wawili, kila mwezi nyumbani kwa mmoja wao, na mlango umefungwa. Walijadili dawa mpya, wakailalamikia hospitali, wakanywa mvinyo mwekundu, wakarudi kwao wameelimika kiasi. Sisi wauguzi, wakunga na wahudumu wa nyumba za wazee tulikuwa na semina yetu mara moja kwa mwaka. Tulifundishwa namna ya kumwinua mgonjwa bila kuumia mgongo. Mwaka uliofuata tulifundishwa mgongo tena.

Merete aliingia katika kikundi cha madaktari akiwa mdogo kuliko wote na mwanamke pekee. Alivumilia msimu mmoja. Zamu yake ya kuwakaribisha ilipofika, hakuwaita sebuleni kwake, aliwaita kwenye ukumbi wa kijiji, na walipofika walitukuta sisi tumeshakaa, makoti tumeshavua. Daktari Mogens Rask, ambaye wengi mnamjua kwa kofia yake ya manyoya na kwa kutopenda kwake mabadiliko, alisimama mlangoni kama mtu aliyekuta wageni wamekalia kitanda chake.

"Merete, sasa tutaongea nini mbele ya hawa?"

"Yaleyale mnayoongea wakiwa hawapo," Merete akamjibu. "Tofauti ni kwamba hawa wamewaona wagonjwa wenu nyumbani, bila viatu. Wewe unawaona wamechana nywele. Kaa, Mogens, kahawa inapoa."

Mogens akakaa. Alinuna mpaka saa ya kuondoka, lakini mwezi uliofuata alikuja tena, akadai alipita tu njiani. Hivyo ndivyo zilivyoanza Jumatano za Merete. Kila mwezi, isipokuwa Juni na Julai, tumekutana pale: daktari ubavuni mwa mhudumu wa usiku wa nyumba ya wazee, mkunga ubavuni mwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Tumejifunza kisukari, vidonda vya miguu, watoto wanaokohoa, wakulima wasiolala na bibi wanaokunywa vidonge vya majirani. Wilaya za jirani zimetuma watu kutuchungulia, na baadhi wameiga. Kitu kimoja wengi wao wameshindwa kukiiga, nacho ni keki.

Kwetu, mtu akiboronga kazini huwanunulia wenzake bia au huwaokea keki, wanamcheka kidogo, na mambo yanaishia hapo. Kila karakana na kila ofisi ina desturi hiyo. Madaktari ndio walikuwa hawana, si kwa sababu hawakuboronga. Merete aliichukua desturi hiyo akaigeuza kuwa somo. Aliyekosea kwa mgonjwa huleta keki Jumatano, huiweka katikati ya meza, na keki haikatwi mpaka kosa lisimuliwe lote. Ni marufuku kusema "pole" na ni marufuku kusema "mimi nisingefanya hivyo" mpaka sahani ziwe tupu. Baada ya hapo Merete huuliza swali lake moja, lile ambalo nadhani litachongwa siku moja juu ya mlango wa ukumbi: "Haya, kesho tutafanya nini tofauti?"

Keki ya kwanza aliileta yeye mwenyewe. Zilizofuata zilikuwa za sisi wadogo, kwa kuwa sisi tumezoea kukosolewa. Muuguzi mwenzangu mmoja alikuja na mkate mtamu wa mdalasini akasimulia jinsi alivyomdunga sindano ya kinga ya mafua mtu aliyemkuta amekaa jikoni kwa mgonjwa amekunja mkono wa shati. Yule alikuwa fundi bomba. Tulicheka mpaka makombo yakaruka, na tangu siku hiyo hakuna muuguzi wa wilaya hii anayedunga mtu bila kumtajisha jina lake na tarehe ya kuzaliwa. Fundi mwenyewe alituma salamu kwamba mwaka ule hakuugua mafua.

Mogens alikula keki za watu kwa miaka bila kuleta yake. Tulimtania kwamba ama ni daktari asiyekosea ama hana jiko. Halafu Jumatano moja ya baridi kali alikuja amebeba keki ya dukani, kibandiko cha bei bado kiko juu ya boksi, akaiweka mezani bila kuvua kofia. Alisimulia habari za mkulima mmoja aliyekuja kwake mara tatu akilalamika uchovu. Mara zote tatu alimwambia apunguze kazi. Mtu yule alikuwa anavuja damu tumboni polepole, na saratani ilipogunduliwa ilikuwa imeshasambaa.

"Nilimwambia anahitaji likizo," Mogens alisema. "Alikuwa anahitaji daktari."

Hakuna aliyesema pole, maana ni marufuku. Tulikula ile keki kavu ya dukani mpaka sahani zikawa tupu. Merete alipouliza swali lake, madaktari walitazamana, na wiki ile ile zaidi ya mmoja wao aliwapigia simu wagonjwa waliowaambia wakapumzike, akawaomba warudi kupimwa damu. Najua kwa sababu niliwachukua damu baadhi yao. Mmoja wa wale, mama mwenye duka la maua, bado yuko hai, na maua ya sherehe yametoka kwake bure. Merete ameniomba nisiyaite hayo mafanikio yake, basi nayaita ya Mogens, ambaye atakasirika zaidi.

Sasa nije kwa Preben, kwa sababu huwezi kuandika juu ya Merete ukamwacha.

Preben ni seremala. Meza ndefu tunazokalia ukumbini ni kazi ya mikono yake, na kahawa tuliyokunywa miaka yote hii ni yake pia. Lakini zaidi ya yote alikuwa mgonjwa wetu. Merete haamini katika kufundisha watu kwa picha za ukutani. Anataka mgonjwa aketi kwenye kiti, agune, aongope kidogo, na anayejifunza amhoji mbele ya wenzake. Kwa kuwa hakukuwa na bajeti ya waigizaji, alimchukua aliyekuwa karibu. Preben ameugua kidole tumbo, kiharusi, ulevi na sonona. Amekuwa mjamzito wa miezi minane akiwa na mto wa kochi ndani ya sweta, akaomba achari ya tango katikati ya mahojiano. Aliwahi kuzimia vizuri kiasi kwamba daktari mmoja mgeni alipiga simu ya dharura kabla hatujamzuia. Ambulensi ilifika taa zikiwaka, ikabidi vijana wale wapewe kahawa na kipande cha keki, na daktari yule alirudi mwezi uliofuata na keki yake mwenyewe.

Merete alimwonya kila mara kwa maneno yaleyale: "Preben, usizidishe." Naye kila mara alizidisha. Ulikuwa mchezo wao, na sisi tuliupenda.

Januari mwaka huu kahawa ilikuja mezani ikiwa maji ya moto matupu. Preben alikuwa ameyachemsha, akayatia kwenye chupa, akayaleta kwenye sinia pamoja na vikombe, bila hata punje ya kahawa. Mogens alionja akasema, "Safi sana, Preben. Umetengeneza kahawa ya watu wa shinikizo la damu." Tukacheka. Preben akacheka nasi, akarudi jikoni. Hakuna aliyefikiria zaidi ya hapo. Chumba kilikuwa kimejaa watu ambao riziki yao ni kufikiria zaidi ya hapo.

Februari somo lilikuwa ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Ni somo ambalo Merete hulirudia kila baada ya miaka michache, na hulifundisha vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua. Alieleza jinsi dalili za mwanzo zinavyojificha nyuma ya mizaha, nyuma ya adabu, nyuma ya mke anayemjibia mumewe. Halafu tukagawanyika wawili wawili kufanya jaribio la saa: unampa mtu duara tupu, anaandika namba zote za saa, anachora mishale ionyeshe saa tano na dakika kumi. Sanne, mhudumu wa nyumba ya wazee ya pale karibu na kanisa, hakuwa na mwenzake, kwa hiyo Merete alimwita Preben kutoka jikoni.

"Leo wewe ni mzee aliyeanza kusahau," akamwambia. "Na usizidishe."

Preben alifuta mikono kwenye taulo, akakaa, akachukua kalamu. Namba alizianzia juu vizuri, kisha zikashuka zote upande mmoja wa duara zikibanana, mpaka nafasi ikaisha. Upande wa pili ukabaki mtupu. Aliitazama karatasi kwa muda. Halafu akamuuliza Sanne, kwa sauti ya upole kabisa, "Hii saa ni ya nani?"

Sanne alicheka mpaka akajifuta machozi. Mogens aliinyakua ile karatasi akaiinua juu watu wote waione. "Jamani, tazameni kazi ya bingwa!" Tulipiga makofi. Ukumbi mzima tulimpigia makofi, na wa nyuma wakasimama. Merete alikuwa mbele, karibu na dirisha, naye alikuwa anacheka. "Preben, nimekwambia nini kuhusu kuzidisha?"

Preben alitutazama, sura moja baada ya nyingine. Akatabasamu, kwa sababu sisi tulikuwa tunatabasamu. Akaenda kuosha vikombe.

Machi, Merete aliingia ukumbini amebeba keki. Ilikuwa ile keki laini ya nazi na sukari guru inayopikwa kwenye sinia, ambayo kila mtu anajua Preben anaipenda. Aliiweka katikati ya meza, akaweka kisu pembeni, akakaa badala ya kusimama. Preben hakuwepo jikoni. Kahawa tuliikuta imetengenezwa na mkunga, nayo ilikuwa mbaya.

"Mgonjwa wangu ana miaka sabini na moja," Merete akaanza. "Nimekuwa naye kila siku tangu nikiwa mwanafunzi. Mwaka juzi aliacha kusoma gazeti. Nikasema macho yamechoka. Akaacha kwenda karakana. Nikasema baridi imezidi. Nikaanza kumtolea nguo asubuhi, kumwandikia miadi, kummalizia sentensi. Nilidhani ndiyo ndoa."

Alikinyoosha kile kisu kando ya keki, akaendelea.

"Ile Jumatano ya saa, tulipokuwa tunarudi nyumbani garini, aliniuliza alikosea wapi. Nikamwambia hukukosea, uliigiza vizuri mno, ndiyo maana walikupigia makofi. Tukaenda mpaka kwenye kituo cha basi cha kiwandani. Halafu akasema, 'Merete, mimi sikuwa naigiza. Nilikuwa nachora saa.'"

Alieleza mengine kwa ufupi: vipimo, picha za ubongo, jina la ugonjwa. Alisema kwamba miaka miwili iliyopita, ugonjwa ukiwa bado mchanga, imepotea wakingoja yeye Merete astaafu. Walikuwa wamekubaliana kwamba akistaafu watakwenda visiwa vya Faroe, alikozaliwa mama yake Preben, wakae kiangazi kizima, Preben akarabati nyumba ya bibi yake ambamo hakuna anayeishi. Mikono yake ilikuwa bado inakumbuka kazi yote wakati ule. Sasa Merete hajui mikono hiyo itaendelea kukumbuka kwa miaka mingapi.

"Nimefundisha dalili hizi kwa miaka yote niliyokaa hapa," akasema. "Nilikuwa nazifundisha kwa sauti kubwa kiasi cha kumfikia hata yeye jikoni. Haya, kateni keki."

Mogens ndiye aliyekata. Ni marufuku kusema pole mpaka sahani ziwe tupu, na mimi sijawahi kuona watu wakila keki polepole namna ile. Sanne alikuwa analia huku anatafuna, na bado alikula, kwa kuwa ndiyo sheria. Sahani zilipokuwa tupu kila mtu alifungua mdomo, na kila mtu akakuta neno lenyewe limekuwa dogo. Wengine walisema hata hivyo. Mogens alisema, "Karatasi niliiinua mimi," na Merete akamjibu, "Wewe uliinua karatasi, mimi nililala pembeni yake miaka miwili. Usijaribu kuninyang'anya keki yangu."

Kisha akauliza swali lake, kwa sauti ileile ya siku zote. Kesho tutafanya nini tofauti? Akalijibu mwenyewe. "Mimi kesho ninaomba kustaafu."

Ndiyo sababu hatuipati ile miaka miwili. Tulimwomba. Sisemi uongo, tulimwomba bila aibu yoyote: abaki nusu siku, abaki hadi Krismasi, abaki mpaka apatikane mwingine. Alisikiliza kama anavyomsikiliza mgonjwa anayetaka dawa asiyoihitaji, akatikisa kichwa. Funguo za ukumbi atazichukua Sanne. Mogens aliuliza imekuwaje mhudumu awasimamie madaktari, akaulizwa na madaktari wenyewe kama yeye yuko tayari kuja mapema kupanga viti, akaishusha kofia yake mpaka masikioni.

Mei ilikuwa Jumatano ya mwisho ya Merete. Somo alilopanga ni namna ya kumwambia mtu kwamba ana ugonjwa usioponyeka, na namna ya kuendelea kuzungumza naye baada ya hapo, maana wengi wetu tunajua kusema lile neno kisha tunakimbilia kalamu. Kiti cha mgonjwa kilikuwa mbele, kitupu. Nilidhani tutapeana zamu wenyewe kwa wenyewe. Halafu Preben akatoka jikoni, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, akakikalia.

"Nimesikia mnatafuta mgonjwa," akasema.

Merete alimtazama. Ilionekana wazi kwamba hawakuwa wamepanga hilo. "Preben, huna haja."

"Kazi hii nimeifanya miaka yote bila mshahara, sasa unataka kunifukuza siku ya mwisho?" Akageuka upande wetu. "Nani anakuja? Msiniletee mtoto. Nileteeni Mogens."

Mogens alikwenda akakaa mbele yake. Kofia aliivua, jambo ambalo baadhi yetu hatukuwa tumeliona kamwe. Wanafahamiana tangu wote wawili wana nywele, na Mogens ndiye daktari wa familia ya Preben. Merete hawezi kumtibu mumewe mwenyewe. Kwa hiyo kila alichouliza Mogens alikuwa anakiuliza kweli.

"Preben, unajua kwa nini uko hapa leo?"

"Kwa sababu hamna mgonjwa mwingine anayekubali kahawa yenu."

Kicheko kilianza, kikakatika.

"Nimekuambia kwamba kumbukumbu yako inaondoka na kwamba hatuwezi kuirudisha," Mogens akasema. Alisema polepole, na hakuangalia karatasi. "Sasa nataka kujua unaogopa nini zaidi."

Preben alifikiri. Zamani angekuwa na jibu la kuchekesha kabla swali halijaisha. Safari hii tulimngojea, na hilo pia tulifundishwa na Merete: kungoja bila kumsaidia mtu kumaliza sentensi yake.

"Naogopa kuwa na adabu," akasema mwishoni. "Naogopa siku Merete ataniletea kahawa, na mimi nitamwambia ahsante sana, mama, kama mtu anavyomshukuru mhudumu wa hotelini. Na yeye atajibu karibu. Na mimi sitajua kama nimemuumiza."

Mogens alitakiwa kuuliza swali linalofuata. Hakuliuliza. Aliweka mkono wake juu ya goti la Preben akauacha pale, na kama ungekuwa mtihani ningempa alama zote.

Preben akatutazama, sura moja baada ya nyingine, kama alivyofanya Februari.

"Mbona hampigi makofi?" akauliza. "Leo nimejitahidi kuliko siku zote."

Merete ndiye aliyeanza. Alipiga makofi akiwa amesimama palepale karibu na dirisha, peke yake kwanza, kwa nguvu, machozi yanamtiririka na hayafuti. Halafu na sisi.

Kuna mambo mengi mengine ambayo wasifu wa kawaida ungeyataja. Merete aliandika mwongozo wa kutunza vidonda ambao bado tunautumia. Alikataa nishani moja kwa sababu sherehe yake iliangukia Jumatano. Aliendesha baiskeli kwenda kwa wagonjwa katika upepo ambao mimi nisingemtoa mbwa wangu, na aliwahi kufika kwa mjamzito kabla ya gari la mkunga, akakaa akimshika mkono na kuimba nyimbo za kanisani kwa sauti mbaya mpaka mkunga alipofika. Mama yule anasema mtoto aliharakisha kutoka ili amnyamazishe. Mtoto huyo sasa ni muuguzi wetu, na ataongoza nyimbo za sherehe, kwa sababu za kueleweka.

Lakini nikikaa nikaulizwa Merete ametufundisha nini, sitataja vidonda. Ametufundisha kwamba kosa likifichwa linabaki na mtu mmoja linamla, na likiwekwa mezani linaweza kulisha watu wengi. Na najuta, sote tunajuta, kwamba somo hilo tulilijua vizuri sana, na bado mtu aliyetuchemshia maji matupu tulimpigia makofi.

Sherehe itafanyika ukumbini Ijumaa tarehe 27, kuanzia saa tisa alasiri. Bendera itapandishwa. Merete ameomba asipewe zawadi, hasa chombo cha kioo cha kuwekea maua. Kahawa itatengenezwa na Preben, na Mogens atasimama kando yake kuhesabu vijiko, bila kofia, kama walivyokubaliana wao wawili.

Na sasa, Merete, niseme nawe moja kwa moja, maana nimechoka kukuita "yeye" kama ripoti ya zamu.

Hukutaka zawadi, lakini sheria yako unaijua. Kila aliyekuwepo ile Jumatano ya Februari, kila aliyecheka na kila aliyesimama kupiga makofi, anakuja Ijumaa na keki. Nimeona zikiokwa. Ya Sanne ina duara la sukari juu lisilo na namba hata moja. Ya Mogens ameioka mwenyewe, na ukiiona utatamani angenunua. Meza alizotengeneza Preben zitajaa kutoka mlangoni hadi dirishani. Njoo na kisu chako.

Pole yetu bado tunadaiwa, lakini ni marufuku kuisema mpaka sahani ziwe tupu, na kwa keki zile hazitakuwa tupu leo wala kesho. Kwa hiyo hatutaisema. Tutakula nanyi.

Ahsante kwa meza, kwa mlango uliotufungulia na kwa swali lako. Wiki inayofuata mnapanda meli ya Faroe, na nyumba ya bibi inawangoja na paa lake bovu. Tunawatakia kiangazi kirefu, misumari ya kutosha, na asubuhi nyingi ambazo Preben atakuita kwa kelele kutoka juu ya ngazi umletee nyundo. Na katika yote yatakayomtoka, Merete, tunakuombea jina lako liwe la mwisho.

Kwa niaba ya watu wa Jumatano,
Ulla Bundgaard